Sikuwa nacheza, nilikuwa natafuta waya

Jamani naombeni utulivu kidogo. Wote mliotumiwa ile klipu yenye maandishi "ticha wa muziki akiyarudi magoma", na najua mmetumiwa kwa sababu mpaka shemeji yangu ambaye hatuongei kanitumia na vicheko juu, naomba mnisikilize na mimi mwenye kiuno. Sikuwa nacheza. Narudia, SIKUWA NACHEZA. Ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwetu, na nilikuwa chini ya meza natafuta waya wa kinanda.

Aliyerekodi ni mwalimu mwenzangu wa hesabu, tunakaa meza moja stafu rum, tunachangia mpaka kalamu nyekundu, na ndo huyo huyo tulikubaliana atakaa pembeni yangu ananishikia karatasi zisipeperushwe na feni. Badala ya kushika karatasi akashika simu. Nikimuuliza anasema "nilikuwa natunza kumbukumbu ya shule". Haya.

Mnaonifuata humu siku nyingi mnajua habari zangu na hili somo. Kwa wageni, kwa kifupi: mimi ni mwalimu wa Kiswahili, muziki nilipewa siku Mkuu aliponisikia naimba chooni nikidhani watu wote wameshaondoka. Akasimama nje akanisubiri nitoke. "Mwalimu, kumbe una kipaji umetuficha." Mtu akikukuta unatoka chooni huna msimamo wa kukatalia kitu. Ratiba mpya ikatoka, jina langu lipo kwenye muziki darasa la tatu mpaka la tano, na kwenye kabati nikakabidhiwa kinanda kimoja, stendi yake haipo.

Nikajifunza jamani. Usiku nasoma mimi, asubuhi nawafundisha wao, tofauti yangu na wanafunzi ilikuwa usiku mmoja tu. Ndo nikakutana na zile alama za mikono za solfa, yani kule kuimba noti kwa majina ya Do, Re, Mi, kama hujawahi kuziona ni mtindo ulioenezwa na mchungaji mmoja wa Uingereza, John Curwen, karne ya 19, na yeye solfa yenyewe aliichukua kwa mwalimu mama aitwaye Sarah Glover akaifanyia ukarabati. Kila noti ina umbo lake la mkono. Do ni ngumi usawa wa kiuno, Mi kiganja kimelala, So kiganja kinakutazama mwenyewe, Ti kidole cha shahada kinaelekea juu. Watoto wanazipenda balaa, hatimaye kuna somo ambalo kurusha mikono hewani sio kosa. Na Fa, tafadhalini sana ikumbukeni Fa, Fa ni kidole gumba kinatazama chini.

Rikoda nayo. Ile filimbi ya plastiki ya kusimama, matundu saba mbele na moja nyuma la dole gumba. Wanaoanza huanzia Ti, La, So kwa sababu mkono wa kushoto peke yake unatosha, wa kulia unashikilia tu kwa chini isidondoke. Rahisi kwenye kitabu. Sasa mwambie mtoto wa miaka tisa mwenye filimbi mdomoni apulize taratibu. Nikawaambia pulizeni ile pumzi ya kutia kioo ukungu, wakaelewa pumzi ya kuvunja kioo. Na rikoda ukiizidishia pumzi haitoi noti ile ile kwa ukubwa, inaruka juu inapiga yowe, mwalimu wa darasa la jirani anakuja mlangoni na rula kuuliza kuna nini. Halafu maji. Hakuna aliyenionya kuhusu maji. Pumzi ya moto ikiingia kwenye plastiki ya baridi inageuka matone humo ndani, sauti inaanza kukoroma, mtoto anaichomoa mdomoni anaikung'uta, na haangalii anamkung'utia nani. Viatu vyangu vya kazini vina madoa meupe mpaka leo, na yale madoa sio chaki.

Ila kilichonizeesha ni Fa. Tulienda vizuri Ti La So, tukashuka Mi, tukashuka Re, kila mtu ana furaha, tuliporudi kuijaza Fa katikati darasa likagawanyika. Upande huu Fa safi. Upande ule kitu kikali kinachoikaribia Fa bila kuifikia, yani kinakuingia kwenye fizi. Nikasema ni vidole. Nikapita mmoja mmoja nakagua, vidole sawasawa, wote wameziba matundu yale yale. Nikawahamisha viti, Fa mbovu ikahama nao. Nikaanza kuhisi nahujumiwa na watoto, naamka usiku nawawaza kwa majina. Mpaka siku nimekaa nyumbani na filimbi mbili chini ya taa, moja ya upande huu moja ya upande ule, nazigeuzageuza, nikaona tundu la nne na la tano kutoka juu hayafanani. Kwenye moja la nne ndo kubwa. Kwenye nyingine la tano ndo kubwa.

Kumbe rikoda za watoto zipo za aina mbili na hakuna mtu aliyeona umuhimu wa kuniambia! Kuna ya kibaroko, ambayo Fa yake unaziba kwa kuruka, yani unaziba, unaacha tundu moja wazi, unaziba tena chini yake. Na kuna ya Kijerumani, iliyoletwa miaka ya 1920 na bwana mmoja Peter Harlan, akayapanga upya matundu ili Fa iwe nyepesi kwa wanaoanza, unashusha kidole kimoja tu umemaliza. Fa ikawa nyepesi kweli, ile Fa ya kupandishwa nusu ndo ikaharibika, lakini huko sisi hatukufika. Zingine zimepigwa kabisa herufi ndogo nyuma, G ya German au B ya Baroque, mimi muda wote nilidhani ni saizi. Wazazi walinunua kila mtu kwa wakati wake, na mimi nilikuwa nafundisha vidole vya Kijerumani darasa zima.

Suluhisho la kitaalamu ni kugawa makundi na kufundisha vidole viwili tofauti. Suluhisho langu, kwa sababu siku ya wazazi ilishatangazwa na kadi zimeshatoka, lilikuwa hili: mkifika Fa, wote toeni filimbi mdomoni. Pumueni. Fa itaimbwa na kwaya.

Basi nikautunga wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi mwenyewe kwa mkono wangu. Darasa la nne rikoda, la tano kwaya, la tatu mstari wa mbele wanaonyesha alama za mikono ili wazazi waone elimu. Na kwenye kutunga huko, sijui shetani gani alinishika kalamu, silabi ya "mge" kwenye neno "mgeni" nikaiweka kwenye Fa. Kila "mgeni" ina Fa. Na "mgeni" ndo neno lililojaa kwenye wimbo wa kumkaribisha mgeni, nadhani mnaanza kuona tunakoelekea.

Kinanda sasa, maana klipu inamsingizia kila mtu isipokuwa kinanda. Mimi niliandaa kila kitu. Umeme hukatika, kwa hiyo nikaweka betri sita mpya zile nene, umeme ukikatika muziki unaendelea. Watoto wana tabia ya kupita wanabonyeza kitufe cha kuzima wanakimbia, kwa hiyo nikakibandika solotepu, tabaka juu ya tabaka, hata msumari haupiti. Sauti ya kinanda ni ndogo kwa ukumbi mzima, kwa hiyo fundi mitambo akachomeka waya kwenye tundu la hedifoni akaupeleka kwenye spika kubwa, akatuambia kila kitu kipo sawa, akaondoka zake. Kwa kukosa stendi tukakilaza juu ya meza ya walimu, nikaitandika na kitambaa kinachofika mpaka sakafuni, kupendezesha. Mwalimu wa hesabu akaniambia "leo umejipanga". Ni kweli. Kila kilichonimaliza siku ile nilikipanga mimi mwenyewe na kwa nia nzuri.

Kitu kimoja tu sikukifunika. Vinanda hivi vina kile kitufe cha kuhamisha ufunguo, TRANSPOSE, ukikibonyeza vidole vinapiga pale pale ila sauti inapanda au inashuka kwa nusu toni, ile hatua ndogo kabisa kutoka noti moja kwenda ya jirani. Na darasa la tatu nina mtoto, jina siwezi kusema, tumwite Bwana Vidole. Huyu mtoto hana fujo, hapigi kelele, shikamoo yake imenyooka, ila hakuna kitufe duniani atakachokipita bila kukisalimia. Kuna mtu alimwona karibu na meza wakati tunapanga viti.

Mimi nafika nakaa, naona kwenye kioo cha kinanda imeandikwa 06. Nikasema moyoni sawa, 06.

MC akatutambulisha kwa mbwembwe zote. Mgeni rasmi katikati, Mkuu kulia kwake, wazazi wamejaa mpaka madirishani, simu zimenyanyuliwa juu. Mimi mgongo kwa wageni, uso kwa watoto, mkono wa kulia kwenye kinanda, wa kushoto unaongoza alama. Koti niliazimwa na mume wa dada, linanibana mabegani, mikono haipandi zaidi ya kidevu, hii nayo naomba iingie kwenye rekodi.

Nikapiga utangulizi. Mzuri. Laini kabisa. Kinanda kikiwa peke yake huwezi kujua kipo wapi, unasikia wimbo tu. Mkuu nasikia alitikisa kichwa cha kuridhika. Nikawapa darasa la nne ishara, rikoda zikaingia.

Jamani.

Sijui nieleze vipi. Sio kwamba walikosea. Watoto wangu walipiga vizuri kuliko siku zote, pumzi nyepesi, vidole vimeziba, hakuna hata yowe moja. Lakini wao wako kwenye Do yao na kinanda kiko nusu toni sita juu. Oktavu nzima, yani kutoka Do mpaka Do ya juu, ni nusu toni kumi na mbili, kwa hiyo sita ni katikati kabisa, yani mtu angeamua kuwatenganisha asingepata mahali pabaya zaidi ya pale. Wanamuziki wa zamani walikipa hicho kipimo jina la shetani wa kwenye muziki, na mimi nilimleta kwenye siku ya wazazi nikampitisha kwenye spika. Mtoto mchanga akaanza kulia. Mama mmoja akaziba masikio ya mwanae, kisha akakumbuka ya kwake.

Nikasema labda ni mwanzo tu, watakaa sawa. Nikazidi kupiga. Sijui kwa nini mwanadamu akiona mambo yanaharibika anaongeza kasi.

Kwaya ikaingia. Sasa kwaya ni watoto wenye akili zao, wakasikiliza, wakakuta kuna ufunguo wa aina mbili, kila mtu akachagua wake. Nusu wakaenda na rikoda. Nusu wakaenda na kinanda, na hawa ndo nawaonea huruma mpaka sasa, maana ule wimbo unapanda mpaka Do ya juu kwenye "tumefurahi", na Do ya juu kwa kinanda kile siku ile ilikuwa huko kwa waimbaji wa opera. Waliifuata. Sina cha kuwalaumu, waliifuata mishipa imewatoka shingoni. Msichana mmoja wa mstari wa pili alifumba macho, akanyanyuka kwa vidole vya miguu, akaitafuta, akaipata, akaishikilia. Mbwa akabweka nje. Nilipomaliza ile mistari nilikuwa na hofu na afya yake.

Halafu tukafika kwenye "mgeni".

Hapa naomba mwende nami taratibu. "Karibu mge-", rikoda zote zinatoka mdomoni kwa pamoja kama nilivyofundisha, wanapumua, ukumbi unabaki ghafla na sauti za kwaya zilizogawanyika. Na mstari wa mbele, darasa la tatu lote, wasafi, sare zimepigwa pasi, wanamtazama mgeni rasmi machoni, wanashusha kidole gumba chini. Wote. Kwa nguvu, maana nilikuwa nawasisitiza mazoezini kwamba alama ionekane mpaka nyuma ya ukumbi. "Mge", gumba chini. Mkono wangu wa kushoto nao umeshuka nao, kwa hiyo kwa mgeni rasmi inaonekana ni maagizo ya mwalimu. Ubeti wa kwanza unaye mgeni mara nne. Jaribu kukaa pale mbele uwe wewe ndo mgeni.

Mwalimu wa hesabu anasema kwenye ubeti wa pili mgeni rasmi alimwinamia Mkuu kuuliza kitu, na Mkuu akajibu kwa kucheka kicheko kisicho na sauti.

Hapo ndo macho yangu yakashuka tena kwenye 06, na kando yake taa ndogo ya TRANSPOSE inawaka. Nikaelewa kila kitu. Nikajiambia tulia, bonyeza cha kushusha mara sita, hakuna atakayejua. Mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unapaswa kuvuka juu ya wa kulia kwenda upande wa vitufe, koti linabana, nikanyoosha, nikabonyeza.

Nilibonyeza DEMO.

Kwa wasiojua, DEMO ni ule wimbo wa dukani, waliomo ndani ya kinanda wanaonyesha uwezo wao wote kwa mpigo. Ngoma, gitaa, matarumbeta, mtu anachezesha sahani. Kupitia spika kubwa. Feni ilitikisika. Na watoto, watoto ni watoto, wamesimama wamekaza miili tangu asubuhi, wakasikia mdundo. Darasa la tatu ndo walianza. Halafu la tano. La nne walijaribu kupiga nao rikoda, wengine wakapata, naapa kuna waliopata.

Najua mnachotaka kuuliza, mmeuliza wote kwenye komenti, kwa nini hukuzima. Kitufe cha kuzima kiko chini ya solotepu. Nilikikwangua mpaka ukucha ukavunjika. Solotepu nzuri ile, siwezi kuisema vibaya.

Kwa hiyo nikaamua waya. Nikapiga magoti nikaingia chini ya meza, kichwa na mikono ndani ya kitambaa, sehemu iliyobaki ya mwili nje, na sehemu iliyobaki ndo hiyo mliyoiona kwenye klipu. Humo ndani giza, kuna ekstensheni na waya tatu zinazofanana. Nikajivuta kwa goti la kulia, kiuno kinaenda kulia. Nikajivuta kwa goti la kushoto, kiuno kinaenda kushoto. Mfuko wa nyuma wa suruali ulikuwa umenasa kwenye msumari wa kiti nilichotoka kukalia, kwa hiyo nikisogea mbele narudishwa nyuma. Kulia, kushoto, mbele, nyuma. Kwamba nilikuwa naenda na mdundo hiyo ni bahati mbaya, ule mdundo ulikuwa wa haraka na mimi nilikuwa na haraka.

Nje nasikia MC anajitahidi, "Mwalimu, mwalimu, tunaomba tafadhali uzi..." Nikachomoa waya wa kwanza. Ulikuwa wa kile kiboksi cha maiki yake. MC akatoweka katikati ya neno, watu wakapiga kelele za furaha wakidhani amepewa nafasi mwalimu.

Nikachomoa wa pili. Huu ulikuwa wa kinanda, nina uhakika, niliushika mpaka kichwani kwake. Kinanda kikaendelea. Betri. Betri sita mpya zile nene.

Hapo nadhani nilipiga kelele kidogo, kwenye klipu mnasikia kitu mnachosema ni vigelegele. Sio vigelegele.

Nikapapasa juu kwa nyuma ya meza nikaupata ule waya wa hedifoni unaokwenda kwenye spika, nikaung'oa kwa hasira zangu zote. Spika kubwa zikanyamaza. Sekunde moja ya amani. Halafu, kwa sababu vinanda hivi ukichomoa kitu kwenye tundu la hedifoni spika zake za ndani zinaamka, kikaanza kuimba chenyewe, juu ya kichwa changu, sauti nimeiweka mwisho kabisa asubuhi ile ile ili fundi apate ya kutosha. Nikashtuka nikanyanyua kichwa. Meza ya walimu ni mbao ngumu. Ule mshindo mnaosema "akapiga na ngoma" ni kichwa changu, mara mbili, ya pili nilikuwa natafuta ilikotokea ya kwanza.

Wimbo ukaisha. Wenyewe. Kimya. Nikajitoa kinyumenyume, mfuko ukaachia na kitambaa chake, nikasimama, nina utando wa buibui kwenye nyusi, nawageukia watu. Ukumbi mzima ukasimama. Wanapiga makofi jamani, wazazi wanapiga miluzi, baba mmoja anatikisa kichwa anasema "huyu mwalimu, huyu". Sikujua la kufanya, nikainama kushukuru, na nilipoinama kila aliyekaa upande wa nyuma yangu akaona hali ya suruali. Upande wa nyuma yangu sasa hivi ni wanafunzi wangu.

Na DEMO zinafuatana, hilo sikulijua. Ikaanza ya pili, ya taratibu, ya kimahaba, ya kucheza wawili wawili.

Mkono wangu ukaanza kwenda tena kwenye solotepu, ndo Bwana Vidole akatoka mstarini, akaja taratibu mikono nyuma, akanyoosha kimoja, akabonyeza DEMO mara moja. Kimya. Akanitazama kwa huruma ambayo mtoto wa darasa la tatu hapaswi kuwa nayo. "Mwalimu, kinazimika hapo hapo ulipowashia. Mimi huwaga nakibonyeza hivyo." Akarudi kwenye nafasi yake akasimama wima, ngumi kiunoni, Do.

Yaliyofuata ni mengi nayapitisha haraka. Mgeni rasmi kwenye hotuba yake alisema hajawahi kuona mwalimu anayejishusha kiasi kile kwa ajili ya wanafunzi, halafu akamaliza kwa kuwaaga watoto na gumba chini, wakamrudishia, inaonekana alidhani ndo salamu ya shule. Wazazi wameomba DEMO iwe kila mwaka. Yule msichana wa Do ya juu sauti imerudi, mama yake anataka nimfundishe jioni. Suruali imeshindikana. Koti nimelirudisha usiku usiku bila kusubiri kuulizwa kuhusu kwapa. Mwalimu wa hesabu nimemhamisha meza, yani nimehama mimi, ila karibu na dirisha kuna hewa. Bado anasema hajatuma klipu kwa mtu yeyote zaidi ya grupu moja. Grupu lenyewe ni la wazazi.

Na Mkuu kaniita ofisini. Nilikwenda na barua ya kuomba radhi nimeichapa kabisa, hakunipa nafasi ya kuitoa mfukoni. Akasema amegundua kipaji changu kingine. Kuanzia muhula ujao, pamoja na muziki, nasimamia klabu ya kucheza. Nikamwambia Mkuu, mimi sikuwa nacheza. Akanipigapiga begani, "Unyenyekevu wako ndo unanifurahisha, mwalimu."

Tangazo limebandikwa ubaoni jana. Mpaka mchana walioandikisha majina ni darasa la tatu lote, walimu wawili wa kike, na mlinzi wa getini, ambaye ameandika kwenye mabano kwamba anataka kuanzia moja kwa moja na ile ya chini ya meza.